Alima, Chukudu na Mkanda wa Ijumaa

Alima Sefu hapendi kufungua mashine. Ukimwita kumwambia kompyuta yako imegoma, usitazamie aje na bisibisi mkononi. Atavuta kiti, atakaa, atainamisha kichwa kidogo, kisha atasikiliza. Siku yake ya kwanza ofisini nilidhani ananifanyia mchezo. Nilikuwa na ramani ya kumaliza, mwenye ramani yuko mlangoni anakohoa makusudi, na huyu binti wa kitambaa cha kijani kichwani amekaa mbele ya kompyuta yangu kana kwamba wamekutana msibani. Mwishowe akasema, "Charline, ventilateri yako inalia," akaomba kitambaa, akatoa ndani ya feni hiyo bonge la vumbi jeusi, na kompyuta ikanyamaza. Tangu siku hiyo namheshimu sana, ingawa kelele bado nampigia.

Ofisi yetu ni ya Papa Édouard Kambale, mpima viwanja. Yeye hupima, mimi huchora, Samy hubeba vyombo na kuendesha pikipiki, na Alima hutunza kompyuta zote pamoja na seva mbili zinazohifadhi ramani zetu. Kazi yenyewe ni ya ugomvi. Kutwa nzima ni kuwaambia watu kwamba mwisho wa kiwanja chao ni hapa, na ule mparachichi ni wa jirani hata kama wao ndio wanaokula maparachichi. Lakini katika mji wetu kazi hii ina uzito mwingine. Nyiragongo, mlima wetu wa moto, ukishuka hufunika mtaa mzima, nyumba, ua, njia na mpaka, na juu yake hubaki mawe meusi yanayofanana yote. Hapo ni ramani tu inayoweza kukuambia mlango wako ulikuwa wapi.

Papa Édouard anajua hilo kuliko mtu yeyote. Mwaka 2002, mlima uliposhuka, alikuwa Butembo kwenye harusi ya mdogo wake. Alikuwa katikati ya uwanja anacheza, jasho linamtoka, mtu akaja kumwambia sikioni kwamba Goma inaungua. Aliporudi, ofisi yake ilikuwa chini ya mawe, na makabati yote ya ramani ndani yake. Harusi nyingi zimepita tangu hapo. Za hapa mjini anakwenda, anakaa, anakula, anatoa zawadi. Kucheza hachezi. Na kutoka Goma hatoki, labda awe na ramani zake mkononi.

Miezi ile baada ya mlima, Papa Édouard alitembea juu ya mawe akitafuta viwanja vya watu kwa kichwa chake tu. Kule Birere alimkuta Abdoul Sefu, dereva wa lori la kabichi za Kibumba na maharage ya mji wa Kiwanja, mtu ambaye wazee wake walitoka Maniema. Alikuwa amesimama na familia yake juu ya kilichokuwa nyumba yao. Papa alihitaji mtu wa kumshikia ncha ya kamba ya kupimia. Wakubwa wote walikuwa wakibishana, basi akampa binti wa Abdoul, kitoto cha chekechea, akamwambia, "Simama hapa. Usisogee." Akaenda na kamba yake, akapima huku, akapima kule, akaitwa na mtu mwingine, mazungumzo yakawa marefu. Aliporudi, mtoto alikuwa palepale, ameshika ncha kwa mikono miwili, na mawe bado yana joto chini ya kandambili zake. Papa akachora alama karibu na miguu yake. "Mulango yenu ilikuwa hapa," akamwambia Abdoul. Nyumba ya akina Alima ilijengwa upya kwa kuanzia alama hiyo. Kila Alima akinisimulia kisa hiki mimi hulia, naye hunicheka.

Alikulia ndani ya lori la baba yake, njia ya Rutshuru, kwenda na kurudi. Mzee Abdoul alikuwa na desturi ya kusimama Kibumba, kuweka kiganja juu ya boneti na kusikiliza injini kabla ya kuteremka mjini, na Alima aliweka kiganja chake kidogo kando ya cha baba. Alipomaliza masomo ya kompyuta hapa mjini, Papa Édouard alimwajiri bila hata kutazama karatasi zake. "Huyu," alituambia, "ukimuweka fasi moya, anabaki palepale."

Sasa niingie kwenye chukudu.

Mlima uliposhuka tena mwaka 2021 na watu wakaambiwa wahame, tulikimbia na seva mikononi kama wezi, nyaya zinaburuta chini. Papa alisema aibu hiyo haitarudi. Akaagiza chukudu, kile kigari cha mbao cha kusukuma kwa mikono, kutoka Kibumba, lakini si hii ya kawaida ya kusukumia viazi barabarani. Yake ilikuwa pana, ya mbao nzito, na magurudumu manne badala ya mawili. Seva zetu mbili na mashine ya mkanda wa kunakilia ramani zilifungwa juu yake kwa mipira ya tairi, zikaelekezwa mlangoni, na hapo juu ndipo zinapofanya kazi siku zote. Mlima ukinguruma unachomoa waya, unasukuma, unaenda. Wageni wa ofisi hupelekwa kuiona chukudu kabla hawajapewa kiti.

Tena tunafanya mazoezi ya kukimbia. Samy anasukuma, mimi nabeba betri, Papa anatangulia akipisha njia kwa mkono, majirani wanakaa barazani kutucheka. Katika mazoezi ya mwisho gurudumu liliingia shimoni, seva zikarukaruka, Papa akashika kichwa. Wiki hiyohiyo akaipeleka chukudu kwa fundi, ikarudi na springi za pikipiki chini ya ubao, moja kila kona. Akatuita wote. Akabonyeza ubao kwa kiganja, ukashuka na kupanda polepole kama godoro jipya. "Sasa batoto yangu batalala muzuri," akasema kwa furaha. Siku hiyo ikatoka na sheria, kwamba hakuna mtu kukaa juu ya chukudu.

Kila Ijumaa ramani zote hunakiliwa kwenye mkanda. Ni kitu cha mraba, kinatosha kiganjani, kizito kuliko unavyodhani. Watu hutuuliza kwa nini tusizitume ramani mbali kwa mtandao. Hao ni watu ambao hawajawahi kutuma ramani ya mtaa mzima kwa mtandao wa Goma. Alima huanzisha kazi asubuhi, adhuhuri huenda msikitini, na akirudi mkanda umeshajitokeza mashineni unamngoja. Samy huupeleka bandarini, boti ya alasiri huubeba hadi Bukavu, na huko dada yake Papa huuweka kabatini katikati ya vitambaa vya meza. Hapo ndipo Papa hulala usingizi.

Kisha mashine ikaanza uvivu. Alima akirudi kutoka msikitini anakuta kazi haijafika hata nusu. Boti ikaondoka bila mkanda Ijumaa moja, ikaondoka tena Ijumaa iliyofuata, na tena. Bahati mbaya, siku zilezile tulikuwa tumeingiza ramani za mtaa mpya mzima, kwa hiyo sote tukalaumu wingi wa ramani. Hata Alima alilaumu ramani.

Lisingekuwa neno kubwa kama Daniella asingekuwa anaolewa. Daniella ni binti wa Papa Édouard, alisoma darasa moja na Alima, anafanya kazi Bukavu, na huko ndiko alikopata mchumba. Harusi ilikuwa Jumamosi. Mama Thérèse, mke wa Papa, aliondoka mwanzoni mwa wiki hiyo na masufuria na vitenge. Papa akabaki kungoja mkanda wa Ijumaa.

"Nitaondoka vendredi na mukanda mu mukono," alitutangazia. "Kama mukanda haiko, sitoki."

Nikamwambia kuna mkanda wa zamani, umejaa vizuri, si achukue huo tu? Akanitazama kana kwamba nimemtukania mama yake.

"Na batu tulipimia hii mwezi, Charline? Mulima ikishuka, parcelle yao nitaitafuta na nini? Na kichwa yangu? Kichwa yangu imezeeka."

Jumatatu Daniella alimpigia Alima simu. Nilikuwa karibu, nikasikia yote.

"Alima, baba atakuya?"

"Atakuya."

"Usinidanganye. Mama anasema aliapa."

"Daniella, nakuambia atakuya. Miye nitamupandisha mu bateau, na mukanda yake."

Nilimtolea macho mpaka akakata simu. "Nani alikutuma uahidi?" nikamuuliza. "Papa akibaki hapa, nani ataingiza Daniella mu kanisa? Weye?" Alivuta kiti mbele ya chukudu, akakaa, akasikiliza.

Mashine ya mkanda ikiwa na afya hutoa mvumo mmoja mrefu. Yetu ilikuwa inakwenda kidogo, inasimama, inarudi nyuma, kisha inakwenda tena. "Ni kama lori ya baba mu matope," Alima alisema, akanieleza kwa subira ambayo mimi sijajaliwa. Mkanda unakimbia, na unataka kulishwa bila kukatizwa. Seva ikichelewa kuleta ramani, mkanda unakuwa umeshapita, basi unalazimika kusimama, kurudi nyuma na kujipanga upya. Siku nzima inaliwa na huko kurudi nyuma. Kilichobaki ni kujua mgonjwa ni nani, mashine ya mkanda au seva inayoilisha.

Samy alisema ni vumbi. Goma vumbi ndilo mshtakiwa wa kwanza wa kila kitu. Alima akaingiza mkanda wa kusafishia, mashine ikasafika, ikaendelea kuchechemea vilevile. Akajaribu mkanda mpya kutoka kwenye boksi, akabadilisha waya, hola. Halafu akanigeukia mimi. Ati vichoro vyangu ni vidogovidogo na ni vingi mno, seva inachoka kufungua kimoja baada ya kingine. Akavifunga mafungu mafungu, mwendo ukaongezeka kidogo, na mimi nikapata lawama ya bure. Akaizuia programu ya kukagua virusi isifanye kazi wakati wa kunakili. Ukaongezeka kidogo tena, lakini kwa kidogo hicho Papa angefika Bukavu Jumapili, bwana na bibi harusi wamelala.

Alhamisi alifanya jambo la akili. Aliiacha seva isisome ramani yoyote, akaulisha mkanda takataka tupu zilizotengenezwa na kompyuta papo hapo. Mashine ikavuma kwa pumzi moja, vuuu, mpaka mwisho. Alima akapiga makofi. "Haina ugonjwa, Charline! Iko na njaa tu!"

Basi mkosaji alikuwa seva. Akazikagua diski zake moja moja, na kila moja ikajibu kwamba ni nzima. Alima alikaa mbele ya chukudu mikono mapajani, na wakati wa kufunga ofisi niliona macho yake mekundu. "Nilimuahidi," akaniambia. Sikumgombeza. Roho iliniuma kwa ajili yake, na kwa ajili ya Daniella, na hata kwa ajili ya yule mzee mkaidi.

Ijumaa asubuhi nilikuja na viatu vipya. Nilivinunua nikijua tutamsindikiza Papa bandarini, na mtu hasindikizi baba wa bibi harusi na ndala. Vilikuwa vizuri sana, na vilikuwa vinanila vidole vizimavizima. Nilimkuta Alima ameshaanzisha kazi, amekaa kwenye kiti cha pekee cha chumba kile, uso umemshuka. Mashine inakwenda, inasimama, inarudi. Nilisimama kidogo kumfariji, vidole vikawaka moto, nikachoka na sheria za watu. Nikakaa kwenye kona ya chukudu.

Mimi si mtu mdogo. Springi zilishuka zote. Nikatoa mandazi kwenye mfuko, nikauma moja.

Mashine ikavuma.

Alima aliinua kichwa. Mashine ikaendelea kuvuma, ndefu, haikatiki, kama jana ilipolishwa takataka. Niliacha kutafuna. Nikadhani nimevunja kitu, nikainuka haraka, na palepale ikasimama, ikarudi nyuma, ikaanza kuchechemea.

"Charline," Alima alisema polepole. "Ikala tena."

"Sikufanya kitu!"

"Ikala!"

Nikakaa. Ikavuma. Kwenye kompyuta ya Alima namba za mwendo zilipanda maradufu. Akaniambia nisimame, zikaanguka. Nikakaa, zikapanda. Nikasimama na kukaa mpaka nikasahau maumivu ya viatu. Kisha Alima akaja, akaweka kiganja chake juu ya ubao wa chukudu, akafumba macho kama baba yake kwenye boneti.

"Inatetemeka," akanong'ona. "Ukisimama inatetemeka. Ukiikala inatulia."

Akanieleza huku anacheka na kufuta machozi kwa wakati mmoja. Ndani ya seva diski huzunguka, na juu yake kuna mkono mdogo unaosoma kwenye mstari mwembamba kuliko unywele. Ukitikiswa unapotea, unangoja mzunguko mwingine, unasoma upya. Feni za seva zina mtetemo wake, mdogo tu, na zamani mbao nzito ziliuzima. Tangu springi ziwekwe, ubao wote ukawa unacheza bila sisi kuona, kutwa kucha, na mkono ule unahangaika kutafuta mstari. Diski zilikuwa nzima kabisa. Zilikuwa zimewekwa tu mahali pasipotulia.

"Sasa nifanye nini?" nikauliza.

"Usiondoke hapo."

Nikabaki nimekaa, nafurahi kwamba kwa mara ya kwanza maishani mwangu nalipwa kwa uzito wangu. Nilikuwa kwenye andazi la tatu Papa Édouard alipoingia. Alikuwa amevaa suti ya harusi, kijivu, tai imefungwa tayari, nywele zimekatwa. Alikuja kuona kama kuna mkanda. Akaniona mimi.

"Charline! Unaikala juu ya chukudu yangu?"

"Papa, siwezi kusimama."

"Unagonjwa?"

"Hapana, Papa. Niko kazini."

Alima aliruka kabla sijafukuzwa. "Papa, samahani, muangalie hapa," akamvuta hadi kwenye namba. "Charline, simama." Nikasimama. "Muone sasa. Charline, ikala." Papa alitazama namba, akanitazama mimi, akatazama namba. Akataka kujaribu mwenyewe. "Simama. Ikala. Simama." Alinipima kama anavyopima kiwanja chenye kesi. Kisha uso ukamwangaza.

"Basi ni uzito! Tuweke mufuko ya simiti."

Alima alisita. Angeweza kukubali, tukaweka simenti, na mzee asijue kitu. Nilimwona akifikiria hivyo. Lakini huyu ni mtu ambaye ukimpa ncha ya kamba anaishika ilipo.

"Papa, si uzito. Ni ile ressorts."

Papa aliinama, suti na yote, akatazama springi zake chini ya ubao.

"Ile ressorts ni miye niliweka," akasema.

"Ndiyo, Papa."

"Sababu mashini isiumie."

"Ndiyo, Papa."

"Kumbe ni miye nilikuwa nazuiya mukanda." Alijishika goti kuinuka, na kwa mara ya kwanza nilimwona amezeeka. "Miaka yote nataka ramani isipotee, na ni miye."

Nilijisikia vibaya hata andazi likawa chungu. Alima alikwenda kusimama mbele yake.

"Papa, chukudu itabaki, na ressorts itabaki. Siku ya kukimbia tunaihitaji. Lakini siku ya kazi, tuiikalishe juu ya majiwe. Mulima ikinguruma, tunatosha majiwe chini yake, tunasukuma."

Papa aliwaza. Nilijua tumepona alipoanza kuvua koti. Akatoka uani, ambako mawe meusi ya Nyiragongo hayaulizwi bei, akachagua mwenyewe, akikataa hili na lile. Alima akasimamisha kazi kidogo. Samy na mimi tukainua chukudu, Papa akasukuma mawe chini ya mbao za fremu, kila kona, mpaka springi zikawa hazibebi kitu. Akaleta chombo chake cha kupimia usawa, akakiweka juu ya seva, akasogeza jiwe moja, akatazama, akasogeza tena. Mpima viwanja haachi. Mwishowe Alima akaanzisha tena kazi, na hakuna aliyekaa popote, na mashine ikavuma.

Papa akataka tufanye mazoezi ya kukimbia papo hapo, tuone kama mawe yanatoka haraka.

"Papa!" nikapiga kelele. "Lundi!"

Akakubali Jumatatu. Alima alikwenda msikitini kama Ijumaa zote. Papa alivuta kile kiti cha pekee, akakaa mbele ya chukudu katika suti yake, mikono juu ya magoti, akasikiliza. Alima aliporudi, alimkuta amesimama mlangoni na mkanda mkononi.

Bandarini kulikuwa na makelele ya kawaida, magunia, kuku, mama mmoja anagombana na kreti la soda. Papa aliweka mkanda kwenye mfuko wa ndani wa koti, upande wa moyo, koti likavimba. Abiria walikuwa wanapanda. Yeye akafika kwenye ubao wa kupandia, akasimama. Aligeuka, akautazama mlima. Siku hiyo ulikuwa wazi, na moshi wake mdogo juu.

"Alima, na kama inashuka?"

"Tunatosha majiwe, Papa. Tunasukuma."

Hakusogea. Boti ikapiga honi. Watu nyuma yake wakaanza kunung'unika, na mimi nilikuwa karibu kumsukuma kwa mikono yangu miwili, viatu au bila viatu. Alima akamsogelea.

"Papa, muende," akasema. "Miye nasimama hapa. Sitasogea."

Papa alimtazama kwa muda. Nikaona anamkumbuka, yule mtoto wa juu ya mawe. Akacheka, akafuta uso kwa kiganja, akapanda.

Boti iliondoka. Baada ya kitambo nilimwambia Alima twende, vidole vyangu vimekufa. Akasema bado, boti bado inaonekana. Nikavua viatu, nikasimama naye peku juu ya saruji ya moto mpaka ikapotea.

Jumamosi si siku ya kazi. Nilikwenda ofisini kumalizia ramani ambayo ingeweza kungoja, nikamkuta Alima mbele ya chukudu, hana hata kisingizio. Tukakaa. Mchana simu yake ikalia, na kabla Papa hajasema neno tukasikia ngoma, vigelegele, watu wanaimba.

"Alima! Uko wapi?"

"Niko palepale, Papa."

"Mulima iko namna gani?"

Nilikwenda dirishani. "Imetulia!" nikapaza sauti. "Papa, mukanda iko wapi?"

"Iko mu mufuko. Dada yangu anataka kuiweka mu kabati, nimemukatalia." Nyuma yake sauti ya Daniella ilikuwa inaita, baba, baba, kuya. Sisi tukasikiliza muziki.

"Bon," Papa akasema. "Naenda kucheza."